Fizikia ya fomu wani: mtoto wako anaenda kukutana na nini mle darasani

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne hivi, testi za kwanza zikishasahihishwa, simu yangu inaanza kuita. "Mwalimu habari za kazi, huyu mtoto darasa la saba sayansi alikuwa na A, sasa fizikia kaniletea 23, shida iko wapi?" Nimefundisha fizikia sekondari za kata miaka kumi na mbili na swali ni lile lile, kwa hiyo leo naandika jibu hapa mara moja, mzazi akinipigia namtumia linki.

Mtoto hajawa mjinga ndani ya miezi mitatu. Kilichomkuta ni lugha, na sisemi Kiingereza peke yake. Kiingereza kweli kinawasumbua, maana mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili kasoma miaka saba kwa lugha yake halafu Januari anakuta ubao mzima haumuelewi na yeye hauelewi, ila hilo kila mtu analijua na tumeshalilalamikia sana. Lisilosemwa ni kwamba fizikia inachukua neno moja la mtaani inalipasua vipande viwili vitatu, na kila kipande kina yuniti yake, ukivichanganya umekosa swali hata kama kujumlisha na kuzidisha umepatia.

Chukua uzito. Buchani unasema nipimie uzito, muuza nyama anasema kilo mbili, mmemalizana. Darasani hapo tayari kuna vitu viwili: kuna masi, yaani kiasi cha nyama yenyewe (vitabu vinaita tungamo), hiyo ndiyo ya kilo, na kuna weiti, yaani jinsi dunia inavyoivuta hiyo nyama chini, hiyo inapimwa kwa nyutoni. Kilo mbili za nyama zinavutwa kwa nyutoni 20 hivi. Mimi huwa naenda darasani na mizani ya springi, ile ya kuning'iniza, nawauliza hii tukiipeleka mwezini na nyama yetu itasoma ngapi? Wanabishana weee mpaka darasa la jirani wanachungulia. Jibu ni kwamba itasoma karibu theluthi ya kilo, kwa sababu mwezi unavuta kama mara sita pungufu ya dunia, lakini ile mizani ya mawe ya dukani, ya sahani mbili, ingesema kilo mbili vile vile maana jiwe nalo limepungukiwa uzito sawa na nyama. Dogo akishaelewa hapo, nusu ya maswali ya uzito hayamsumbui tena.

Halafu kuna nguvu, hili ndilo baya kuliko yote. Sisi nguvu ni nguvu: gari lina nguvu, uji unatia nguvu, umeme hauna nguvu leo, sukuma kwa nguvu. Kule kuna fosi (kusukuma au kuvuta), kuna enaji (uwezo wa kufanya kazi), kuna pawa (kazi inafanyika haraka kiasi gani), na mifano yote minne hapo juu haiendi sehemu moja. Na kazi je! Siku ya mada ya kazi naijua kabisa, lazima kuwe na ugomvi. Kazi kwenye fizikia ni fosi zidisha umbali, ila umbali uwe wa kuelekea kule fosi inakoelekea. Sasa chukua ndoo ya lita 20 kichwani, hiyo ni kilo 20, unaisukuma juu kwa nyutoni 200 isianguke. Ukipanda nayo ngazi za mita 3 umefanya kazi ya juli 600 (juli ndiyo yuniti ya kazi), hapo wanakubali. Ukitembea nayo njia tambarare kilomita nzima kutoka bombani, mwendo ule ule, kazi uliyoifanyia ile ndoo ni sifuri. Sifuri kabisa. Wasichana ndio wanaokasirika zaidi na wana haki, maana wao ndio wameamka saa kumi na moja kuibeba. Mwaka juzi mmoja aliniambia, "Basi mwalimu kesho kaibebe wewe, si sifuri." Inabidi nieleze taratibu kwamba mwili unaunguza chakula kweli, misuli inakaza inalegea inachoka, ila ndoo yenyewe haijaongezewa wala kupunguziwa kitu, ilivyotoka bombani ndivyo ilivyofika. Wanaandika kwenye daftari ila macho yanasema huyu ticha anatuongopea.

Joto nalo hivyo hivyo, hiti (joto linalohama toka kitu kimoja kwenda kingine) na tempricha (kipimo cha umoto wa kitu) zote kwetu ni joto. Hapa sina haja ya vifaa, nawaambia asubuhi mapema washike chuma cha dawati kwa mkono mmoja na ubao wa dawati kwa mkono mwingine. Kipi cha baridi? Chuma! Wote. Nawaambia vimelala chumba kimoja usiku kucha, tempricha yao ni moja. Chuma kinakunyang'anya joto la mkono haraka, mbao inajivuta, basi. Kama una kipimajoto kizima kithibitishe, mimi changu kilivunjika.

Kitu cha pili cha kutegemea ni kupima pima pima. Wazazi wengi wanadhani fizikia ni fomula, na walimu wengine (mtanisamehe) wanaifundisha hivyo hivyo, fomula ubaoni, mifano miwili, homuweki. Lakini mwanzo wa fomu wani ukifuatwa vizuri ni rula, mizani, silinda ya kupimia, saa, na venia kalipa (kifaa cha kupimia urefu mdogo mdogo) kama shule inayo. Kama haina tunafaragua: bomba la sindano bila sindano yake linapima mililita vizuri tu, chupa ya maji ukiichora mistari inakuwa silinda.

Nikuonyeshe pindi moja lilivyo. Tunatafuta densiti ya jiwe, yaani masi yake gawanya kwa ujazo wake. Jiwe limepimwa ni gramu 31. Silinda ina maji mpaka mililita 50, unalifunga jiwe uzi unalishusha polepole, maji yanapanda. Kundi moja walisoma 62, la pili 63, jiwe ni lile lile tumepokezana. La kwanza wanapata 31 gawanya kwa 12, kama 2.6. La pili 31 gawanya kwa 13, wanapata 2.4. Nani kakosea? Nikawaambia rudieni nikiwa nawaangalia. Kumbe msomaji wa kundi la pili usomaji wa kwanza aliinama macho yakawa usawa wa maji, usomaji wa pili kachoka akasoma amesimama, na ukisoma ukiwa juu, mstari unaouona mbele ya kioo uko juu kuliko maji yalipo. Mililita moja tu hiyo na jiwe limebadilika kuwa jiwe jingine. Hiyo siku sikuandika fomula hata moja na naamini ndiyo siku walijifunza zaidi kuliko wiki nzima.

Nyingine wanayoipenda ni pendulamu, jiwe linaning'inizwa kwa uzi linabembea. Jiwe, uzi, stopwochi ya simu ya mwalimu. Uzi wa sentimita 25, unahesabu mizunguko 20 ya kwenda na kurudi, inachukua kama sekunde 20. Nauliza tukiweka jiwe zito mara mbili? Darasa zima linasema litaenda haraka. Tunapima, sekunde 20 zile zile. Haya, nataka kila mzunguko uchukue sekunde mbili badala ya moja, uzi uwe mrefu kiasi gani? Wote: sentimita 50! Tunapima mizunguko 20, sekunde 28 na ushee, haifiki 40. Wanaongeza wanaongeza mpaka wanafika mita nzima ndiyo inakubali, yaani mara nne. Nawaacha nayo hivyo hivyo, kipeuo cha pili cha hapo kitawakuta mbele ya safari.

Mtoto akiwa wa maswali mengi usimzime, na sisi walimu tujitahidi. Kila ticha wa fizikia Bongo anapenda kusimulia habari ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto mwaka 1963, walikuwa wanatengeneza aiskrimu, yeye akaingiza maziwa kwenye friza yakiwa bado moto na yakaganda kabla ya yaliyopoa. Akauliza, akachekwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dk. Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar, huyo akaenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama inatokea kweli kila mara na kwa nini. Tunaisimulia kwa mbwembwe, halafu dogo wa leo akiuliza cha nje ya notsi tunamwambia kaa chini, muda umeisha. Mimi pia nimeshafanya, sijitoi.

Tuisheni? Muhula wa kwanza mimi nasema hapana, labda ya Kiingereza. Zile za fizikia nyingi zinamkaririsha maswali ya upimaji wa kidato cha pili wakati hata kusoma rula hajui, anaanza kupima kwenye moja badala ya sifuri. Ile 23 ya mwezi wa nne mara nyingi ikifika Novemba ni 50 na kitu bila tuisheni, ila sikuahidi.

Vifaa: daftari kubwa moja, la grafu moja, penseli na rula isiyokatika ncha. Na siku nikimtuma uzi wa pendulamu mpe uzi wa kushonea, mita moja na nusu inatosha. Usimpe lastiki. Kuna mmoja alileta ya kiunoni mwa kaptula, pendulamu yetu ikawa inadunda juu chini pindi zima.