Kumpa mgonjwa dawa kwa usalama: maswali ya muuguzi anayeanza kazi

Nihakiki nini kabla ya kutoa dawa?
Mambo matano: mgonjwa ndiye, dawa ndiyo, dozi ndiyo, njia ndiyo, na saa ndiyo. Ukishampa, andika kwenye chati papo hapo, wala si kabla hajameza. Kuyakariri haya ni rahisi. Kazi ni kuyafuata saa nane usiku wodi ikiwa imejaa.

Nitajuaje kuwa mgonjwa ndiye?
Usimuulize "Wewe ndiye fulani?" Mwenye homa kali, usingizi au masikio mazito huitikia jina lolote. Mwache ataje mwenyewe majina yake kamili na tarehe ya kuzaliwa, kisha linganisha na chati na utepe wa mkononi. Namba ya kitanda haitoshi, maana wagonjwa huhamishwa. Hapo hapo uliza kama kuna dawa inayomdhuru, hata kama faili linasema hana mzio.

Lebo niisome mara ngapi?
Mara tatu: unapoitoa dawa kabatini, unapoipima, na ukiwa kando ya kitanda. Chupa zinazofanana zimewaponza hata wazoefu.

Dozi inakokotolewaje?
Gawanya kiasi kilichoagizwa kwa kiasi kilichomo kwenye dawa, kisha zidisha kwa ujazo wake. Tuseme mtoto wa kilo 12 ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika mililita 5, kwa hiyo 180 ÷ 120 × 5 = mililita 7.5. Nukta hiyo ikifutika inasomeka 75, mara kumi ya dozi. Ndiyo maana tunaandika 0.5 na si .5, na tunaandika 5 na si 5.0. Hesabu ikikutaka uvunje ampuli (vichupa vya dawa ya sindano) sita kwa sindano moja, simama. Huenda umekosea wewe, au aliyeandika.

Dawa zipi zinahitaji mtu wa pili?
Insulini, heparini, mofini na potasiamu kloridi, kwa uchache. Mwenzako akokotoe upya bila kuliona jibu lako. Akiliona, atakubali tu. Insulini hupimwa kwa yuniti, kwa bomba lake maalumu la sindano. Potasiamu kloridi ya ampuli haichomwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa, kwani inaweza kusimamisha moyo. Huchanganywa kwenye dripu na kupita polepole.

Mgonjwa hawezi kumeza. Nisage kidonge?
Muulize mfamasia kwanza. Kidonge kilichotengenezwa kutoa dawa polepole kikisagwa, dozi ya saa nyingi huingia kwa mkupuo.

Mwenzangu ameshavuta dawa kwenye bomba. Nichome?
Hapana. Toa uliyoiandaa wewe.

Mgonjwa akisema "hiki si kidonge changu"?
Mwamini kwanza, uhakiki baadaye na kidonge kikiwa bado mkononi mwako. Wengi huzijua dawa zao kwa rangi na umbo, nami naona tunawapuuza mno.

Nimeshakosea. Nifanyeje?
Anza na mgonjwa: upumuaji, mapigo, presha, fahamu. Mwite daktari mara moja bila kusubiri dalili. Kisha andika dawa gani ilitolewa, kiasi gani na saa ngapi, ujaze fomu ya tukio, na mgonjwa mwenyewe aelezwe.