Nafanya PhD ya kitu kisichoonekana, kwenye galaksi ambazo nazo karibu hazionekani

Kila nikienda kuongea na watu kuhusu utafiti wangu, iwe wanafunzi wa sekondari au watu wazima waliokuja tu kuchungulia kwenye teleskopu, swali la kwanza ni lile lile: hiyo maada ya giza, yani maada isiyotoa mwanga wowote, hamjaiona, sasa mnajuaje ipo? Swali zuri sana, zuri kuliko mengine tunayoulizwa kwenye semina. Tatizo ni majibu yetu, yani tunaonyesha grafu moja ya galaksi inayozunguka haraka kuliko inavyotakiwa, kwisha habari, na mtu anaondoka anahisi tumejitungia kitu cha kuziba pengo. Mi siku hizi naanzia kwenye galaksi kibete, yani galaksi ndogo sana, ambazo ndo kazi yangu.

Ila ngoja nipite haraka kwenye hadithi ya kawaida, bila hiyo hatuendi. Kwenye mfumo wetu karibu uzito wote uko kwenye jua lenyewe, ndo maana Utaridi inakimbia kama kilomita 47 kwa sekunde halafu Neptuni huko mbali inajikokota kwa kilomita 5 na kidogo. Ukizidi kwenda mbali kasi inashuka. Mwaka 1970 wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford wakachapisha vipimo vya galaksi ya Andromeda, na baadae galaksi nyingine nyingi, na huko pembeni ambako nyota zimeanza kuisha kasi haishuki, imekaa tu. Watu wa teleskopu za redio wakafuatilia gesi ya haidrojeni mbali zaidi ya nyota zinapoishia, bado haishuki. Maana yake huko kuna uzito mwingi tusiouona. Na Fritz Zwicky alishalisema jambo linalofanana na hilo mwaka 1933 kuhusu kundi la galaksi la Coma, sema hawakumtilia maanani kwa miaka mingi.

Sasa hapo mbishi anasema, na ana haki yake, labda ni gesi au vumbi au nyota zilizokufa, galaksi kubwa ina vitu vingi humo ndani mtajuaje mmehesabu vyote? Ndo raha ya galaksi kibete. Chukua Draco, galaksi kibete inayoizunguka galaksi yetu ya Njia Nyeupe, nyota chache, gesi hamna kabisa, na haizunguki kama sahani, nyota zake zinakwenda huku na huku kama nyuki. Unachofanya ni kuchukua mwanga wa kila nyota, unautawanya kwenye spektrografu, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga, unaangalia mistari myeusi iliyomo kwenye rangi hizo imesogea kiasi gani kuelekea bluu au nyekundu, unapata kasi. Kasi zikitofautiana sana basi lazima kuwe na uzito wa kuzishikilia, la sivyo nyota zingeshatawanyika zamani. Mwaka 1983 Marc Aaronson alifanya hivyo Draco kwa nyota tatu. Tatu! Leo ukipeleka tesisi ya nyota tatu sijui kama utamaliza kusoma kichwa cha habari. Lakini hesabu ilishaonyesha kwamba ile galaksi ina uzito mwingi kupita mwanga wake, na baadae zimekuja kupimwa nyota mamia humo na jambo limesimama pale pale.

Halafu kuna Segue 1, ambayo ndo huwa nawaonyesha watu. Galaksi nzima mwanga wake ni kama wa majua mia chache tu, yani zipo nyota nyingi kwenye Njia Nyeupe ambazo kila moja peke yake inawaka kuliko galaksi hiyo yote, ila ukipima kasi unapata uzito wa majua laki kadhaa pale katikati. Gesi hakuna. Nyota zilizokufa hazitoshi, maana nyota kubwa hazizaliwi peke yake, zinazaliwa na ndogo nyingi zinazoishi muda mrefu sana na hizo tungeziona bado zinawaka. Kuna mtego mmoja, nyota pacha: nyota mbili zikizungukana kasi yake inayumba, ukipima mara moja unaweza kudhani galaksi ni nzito kuliko ilivyo, kwa hiyo inabidi urudi kupima nyota zile zile baada ya mwaka au zaidi. Kazi ya kuchosha, na haipigwi picha ya kuweka ukutani, lakini bila hiyo namba zako haziaminiki.

Mimi binafsi swali langu sio kama ipo, ni imekaaje. Simulesheni za kompyuta zenye maada ya giza peke yake zinasema inatakiwa ijazane sana katikati ya galaksi, kama ncha. Ila galaksi kibete kadhaa ukizipima katikati pako bapa. Maelezo yako mawili makubwa. Moja, nyota kubwa zikilipuka zinasukuma gesi nje, gesi inapoa inarudi, nyota nyingine zinalipuka tena, na huko kuvutwa na kuachiwa mara nyingi kunaisukuma maada ya giza polepole kutoka katikati. La pili, labda chembe zake zinagongana zenyewe kwa zenyewe, na hapo tungekuwa tumejifunza kitu kipya kabisa cha fizikia. Namna ya kuzitofautisha ni kuangalia historia ya nyota: Fornax, iliyoendelea kuzaa nyota kwa mabilioni ya miaka, inaonekana bapa katikati, na Draco iliyoacha mapema inaonekana bado ina ncha. Hiyo inaipa nguvu hadithi ya milipuko. Inaipa nguvu, sijasema imeshinda, maana vipimo vya katikati vina utata wa kutosha kuwagombanisha watu kwenye mikutano.

Maswali mengine ya wasikilizaji. Je ni mashimo meusi? Wametafuta mashimo yakipita mbele ya nyota za Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ndogo jirani zetu, na kwa viwango vingi vya uzito wa mashimo vilivyokaguliwa hayawezi kuwa maada ya giza yote. Je ipo hapa tulipokaa? Ipo, inapita ndani yetu, ila kidogo sana: kwa makadirio ya kawaida, ndani ya ujazo wa dunia nzima kwa wakati mmoja haifiki kilo moja. Watu hucheka, halafu wanaelewa kwa nini jua na sayari haziigundui. Je labda graviti ndo tumeikosea? Mwanafizikia Mordehai Milgrom alipendekeza hivyo 1983, na wenzangu wanaomcheka wanakosea, kwenye galaksi zinazozunguka hesabu yake inafanya kazi vizuri ajabu. Inakwama kwenye makundi ya galaksi na kwenye mwanga wa kale uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga, ule ambao setelaiti ya Planck ilitumia kupata kwamba maada ya giza ni kama mara tano ya maada ya kawaida.

Tunachosubiri sasa ni kituo cha kuangalia anga cha Vera C. Rubin huko Chile, kilichotoa picha za kwanza Juni 2025, kitapiga picha anga ya kusini usiku baada ya usiku kwa miaka 10 na galaksi kibete mpya zinategemewa nyingi. Kasheshe ni kwamba kinapiga picha tu, kasi hakipimi, kwa hiyo kila galaksi itakayopatikana itabidi mtu aombe muda kwenye teleskopu kubwa yenye spektrografu, apange foleni na wengine, na kwa zile ndogo kabisa akifika anaweza kukuta nyota za kupimika ni kumi na kitu.