Je, wajua Singapore hubomoaje mtaa mzima bila kumtenganisha bibi na wajukuu?

Juni 2014, wakazi wa Tanglin Halt, mmoja wa mitaa ya zamani kabisa ya nyumba za serikali nchini Singapore, walitangaziwa kwamba majengo 31 ya mtaa wao yatabomolewa. Humo mlikuwa na nyumba zaidi ya 3,400. Mengi ya majengo hayo yalijengwa miaka ya 1960, ghorofa kumi kwenda juu, karibu na reli, na baadhi ya wazee waliokuwa wakiishi humo waliingia wakiwa maharusi.

Kwetu habari kama hiyo ikisikika tu, watu huanza kutafuta dalali. Wazee wa Tanglin Halt hawakuhitaji dalali, kwa sababu nyumba watakazohamia zilijengwa jirani hapo hapo, upande wa Dawson, na jengo lao la zamani halikuguswa mpaka nyumba mpya zikamilike na funguo zikabidhiwe. Kuhama kulikuwa mara moja, kutoka ya kale kwenda mpya. Hakuna miaka miwili ya kupanga uswahilini huku ukisubiri simu ya manispaa.

Jibu la swali letu, kwa sehemu kubwa, ni hilo: mpangilio wa kazi. Wenzetu hujenga kwanza, wakahamisha, ndipo wakabomoa. Ugumu ni kupata kiwanja kitupu cha kuanzia, na pesa za kujenga kabla hujauza chochote.

Utaratibu huo ulianza mwaka 1995 chini ya HDB, bodi ya nyumba ya taifa iliyoundwa mwaka 1960 na ambayo leo inahifadhi takribani watu wanane katika kila kumi nchini humo. Siku mtaa unapotangazwa, mambo mawili hufungwa. Thamani ya nyumba ya zamani hupimwa kwa bei ya soko ya wakati huo, na bei ya nyumba mpya huwekwa kwa wakati huo huo pia. Saruji ikipanda miaka minne baadaye, mkazi haimhusu. Analipwa thamani ya nyumba yake pamoja na gharama za kuhama, na nyumba mpya anayopata inaanza kuhesabu upya miaka 99 ya umiliki, kwa maana nyumba za HDB huuzwa kwa muda huo, si kwa umilele.

Kisha kuna kipengele ambacho mimi naona ndicho chenye akili kuliko vyote. Wakati wa kuchagua nyumba mpya, kaya kadhaa zinaweza kujiandikisha kwa pamoja na kuchagua nyumba zilizo karibu. Ndugu wawili, au mama na binti yake aliyeolewa, au majirani tu waliozoeana kwa miaka 40, wanaingia kwenye foleni kama kundi moja. Anayejua maana ya jirani wa kukushikia funguo au kumtazamia mtoto akitoka shule anaelewa kwa nini watu walikipokea vizuri.

Tusije tukadhani serikali ile inafanya hisani. Sehemu kubwa mno ya ardhi ya Singapore ni mali ya dola, kwa msaada wa sheria ya utwaaji ardhi ya mwaka 1966 iliyoiruhusu kununua viwanja kwa lazima. Jengo la ghorofa kumi likiondoka, mahali pake panaweza kusimama la ghorofa arobaini. Kaya za zamani zinapata nafasi, na nyumba za ziada zinauzwa kwa familia changa. Hata hivyo HDB hujiendesha kwa hasara kila mwaka na hazina ndiyo inayoziba pengo. Bei nafuu ina mtu anayeilipia, na kule aliamuliwa mapema kuwa ni serikali.

Sasa suala la vizazi. Nyumba mpya ikiwa na vyumba viwili vya kulala, bibi atalala wapi? Mwaka 2013 HDB ilileta aina ya nyumba iliyokusudiwa vizazi vitatu: vyumba vinne vya kulala, viwili kati yake vikiwa masta, yaani vina choo na bafu ndani, katika eneo la mita za mraba zipatazo 115. Masta mbili zina sababu. Mzee anayeamka mara tatu usiku kwenda msalani hapiti mbele ya mlango wa mkwe wake. Na nyumba hizo haziuzwi ovyo: mwenye nayo akitaka kuuza, mnunuzi lazima naye awe familia ya vizazi vingi inayoishi na wazee wake. Bila sharti hilo, angeshainunua mtu asiye na mzee wa kumlaza humo.

Wakabuni na njia nyingine, na hii inanivutia zaidi. Katika majengo ya SkyTerrace hapo Dawson, yaliyokamilika mwaka 2015, kuna nyumba zilizojengwa kwa jozi. Ya kijana na mkewe ni kubwa. Pembeni yake ipo ndogo ya chumba kimoja kwa ajili ya wazazi. Kila nyumba ina mlango wake wa nje, na katikati pana mlango wa ndani unaoziunganisha. Mama mkwe anapika vyake na anapokea wageni wake wala hasikii runinga ya wajukuu mpaka aamue kufungua. Akianguka bafuni, msaada uko hatua chache. Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kuishi na wazazi ni baraka, na ni kweli, lakini kila aliyewahi kugawana jiko na mama mkwe anajua mlango ule una kazi gani.

Wasiotaka kuishi paa moja nao wamefikiriwa. Tangu 2015 ipo ruzuku kwa anayenunua nyumba ya mkono wa pili ili akae na wazazi au karibu nao, na kwa kanuni zilizorekebishwa mwaka 2018, karibu maana yake ni ndani ya kilomita nne. Ni umbali wa kupeleka sufuria ya mchuzi kabla haujapoa.

Kuna vitu vidogo ambavyo havipigwi picha kwenye uzinduzi. Majengo ya zamani ya HDB yalikuwa na lifti zisizosimama kila ghorofa. Ukikaa ghorofa ya saba unashuka ya tano au ya tisa, kisha unamalizia ngazi kwa miguu. Kijana hajali. Mwenye magoti mabovu anageuka mfungwa. Kuanzia mwaka 2001 serikali ilipitia majengo hayo na kuweka lifti zinazosimama kila ghorofa, kazi iliyochukua miaka mingi. Halafu chini ya majengo mengi ya HDB, ghorofa ya chini imeachwa wazi, nguzo tupu na sakafu. Hapo Wamalay hufungia harusi, Wachina huketi msibani, wazee hucheza drafti zao. Mswahili akiona nafasi ile haulizi ni ya nini. Ghorofa nyingi zinazojengwa kwetu hazina pa kuweka hata turubai, na msiba ukitokea watu wanafunga barabara.

Kwa nini basi kwetu kazi hii ni ngumu hivi? Tuanze na nyumba zenyewe. Nairobi ya kikoloni ilimwona Mwafrika kama kibarua wa muda: aje mjini afanye kazi, arudi kijijini akichoka. Mshahara ulikadiriwa kwa mtu asiye na mke, na mitaa mingi ya halmashauri ikajengwa kwa hesabu hiyo hiyo, chumba kimoja, choo na bomba vya kushirikiana nje. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye familia. Mshahara ulibadilika polepole. Vyumba vilibaki vilevile. Watu wakaoa, wakazaa, wakaleta wazazi kutoka shamba, wakaongeza mabati nyuma. Vizazi vitatu vilishaanza kuishi pamoja humo zamani sana, ila ndani ya nyumba iliyochorwa kwa mwanaume mmoja na kitanda chake. Pwani tulikuwa na mfano bora zaidi na hatukuutumia: nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa kupikia, ambayo kila chumba kilichukua kizazi chake na ikibidi mpangaji.

Tofauti ya pili ni karatasi. Mkazi wa Tanglin Halt alikuwa na hati ya umiliki wa miaka mingi, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa na bei, na bei ndiyo ilimpa sauti. Mkazi wa mtaa wa halmashauri Nairobi au Mombasa alikuwa mpangaji. Baba alipanga, akafa, mwana akaendelea kulipa kodi kwa jina la baba. Miaka 50 ya kodi haikumpa kipande cha ukuta.

Ndiyo maana miradi yetu ilianza na bomoa. Pale Pangani, Nairobi, kaya 48 zilipewa shilingi 600,000 za Kenya kila moja ili zipange kwingine kwa miaka miwili, yaani 25,000 kwa mwezi, na mahali pao pakapangwa nyumba zaidi ya 1,500. Buxton, Mombasa, kulikuwa na nyumba 520. Wapangaji walipewa 240,000, ambayo kwa miezi 24 ni 10,000 kwa mwezi, na malalamiko mengine yakafika mahakamani. Hesabu ya mradi wa namna hiyo ni rahisi kuielewa: kaunti inatoa ardhi, mwekezaji analeta pesa, sehemu ya nyumba zinauzwa kwa bei ya chini na nyingine kwa bei ya soko ili kufidia. Ardhi ipo katikati ya mji, na nyumba za zamani zilikuwa zimetawanyika kwenye eneo kubwa, kwa hiyo ukipanda juu nafasi inatosha wote na inabaki.

Tatizo ni kile kipindi cha katikati. Kodi inapanda, mtoto anahama shule, bibi anapelekwa kijijini "kwa muda". Ujenzi ukichelewa, pesa ya pango imekwisha na jengo bado ni nguzo.

Magomeni Kota, Dar es Salaam, inaonyesha kipindi hicho kinavyoweza kurefuka. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikabaki kitupu. Septemba 2016 Rais Magufuli alifika pale, akaamuru Wakala wa Majengo Tanzania, TBA, ijenge, na akaahidi kwamba wakazi wa zamani watakaa miaka mitano bila kulipa kodi. Rais Samia alizindua nyumba hizo Machi 2022. Watu walipewa zao, na huo ni ushindi ambao mitaa mingi ya Afrika haijauona. Lakini mtoto aliyetoka pale akiwa darasa la kwanza alirudi akiwa amemaliza au anakaribia kumaliza sekondari, na wapo wazee waliosubiri bila kurudi.

Kilichookoa Magomeni, kwa maoni yangu, ni orodha. Kaya 644 zilijulikana kwa idadi, walikuwa na viongozi wao, na kila waziri aliyepita alikutana na namba ile ile.

Singapore nako si peponi. Mpango wa bomoa na jenga unafaa sehemu ndogo tu. Serikali yenyewe imesema ni takribani asilimia 5 ya nyumba zake ndizo zilizo kwenye viwanja vyenye thamani ya kutosha kulipia zoezi. Mwaka 2022 majengo manne ya mtaa wa Ang Mo Kio yalipotangazwa, baadhi ya wazee walipiga hesabu wakakuta fidia haitoshi nyumba mpya ya ukubwa uleule. Ya zamani imebakiza miaka isiyofika 60, mpya ina 99, na tofauti inatoka mfukoni mwao. Mzee wa miaka 70 anazifanyia nini 99? Baada ya manung'uniko, HDB ikawapa chaguo la nyumba mpya yenye umiliki wa miaka 50 tu, kwa bei ndogo. Kwa mitaa iliyobaki, serikali ilitangaza mwaka 2018 mpango mwingine utakaokuja nyumba zikifikisha miaka 70 hivi, na huo wakazi wenyewe watapiga kura kuukubali au kuukataa.

Kwa mitaa ya halmashauri iliyobaki Afrika Mashariki, swali la kuuliza kwenye mkutano wa kwanza, kabla ya michoro ya rangi haijabandikwa ukutani, ni nani anayehesabiwa kuwa kaya. Mradi ukiandika mpangaji mmoja kwa kila chumba, utatoa nyumba moja ya vyumba viwili. Wale mabinti wawili walioolewa na kubaki kwenye kibanda cha mabati nyuma, pamoja na watoto wao, hawamo kwenye daftari. Uhesabuji wa kwanza ukiwaandika, mchoraji atajua anahitaji masta mbili, au nyumba za jozi zenye mlango katikati. Na kama mtaa una uwanja wa mpira au yadi ya magari mabovu ya manispaa, jengo la kwanza lianzie hapo, wahamie watu wa mistari ya mwanzo, ndipo tingatinga liingie kwao.