Sponji ya boneti ni nini, na kwa nini ikianza kubomoka uitoe yote

Fungua boneti ya gari ya zamani kidogo halafu usiangalie injini, inua macho uangalie upande wa ndani wa boneti yenyewe. Utakuta kitu cheusi kama godoro jembamba kimebandikwa pale, au kama gari imekula miaka utakuta mabaki yake tu, vipande vinaning'inia na kwingine bati tupu lenye madoa ya gundi iliyokauka. Hicho ndo sponji ya boneti, wengine wanaita kapeti ya boneti, na wengi hawana jina lake kabisa kwa sababu hawajawahi kuinunua.

Naandika hii kwa sababu kila nikienda garaji nasikia mtu anaambiwa "hiyo toa tupa, haina kazi". Ina kazi, tena mbili.

Ya kwanza ni kelele. Boneti ni bati pana na jembamba, ukiligonga kwa ngumi unasikia linavyolia kama debe. Sauti ya injini ikipanda inakutana na hilo bati, nyingine inapita na nyingine inarudi chini, inadunda huku na huku mpaka inapata upenyo wa kutokea kwenye matairi na kwenye ule ukuta unaotenganisha injini na nyie mliokaa ndani. Sponji ina matundu madogo madogo mengi sana yaliyoungana, sauti ni hewa inayotetemeka, sasa hiyo hewa ikiingia mle inasuguana na kuta za matundu na nguvu yake inageuka kuwa joto dogo ambalo hata hulihisi. Kinachomezwa zaidi ni sauti kali za juu, ile ta-ta-ta ya dizeli asubuhi gari ikiwa baridi. Mngurumo mzito wa chini haumezwi na sponji ya sentimita mbili, kwa hiyo ukibadilisha usitegemee gari iwe kimya, utasikia imepoa makali yake tu. Na usichanganye na zile shiti nzito za lami zinazobandikwa sakafuni na kwenye milango, zile zinazuia bati lenyewe lisitetemeke, ni kazi tofauti kabisa.

Kazi ya pili ni joto. Maji ya injini yanatembea kwenye nyuzi 80 mpaka 100 hivi, manifodi ya ekzosi, yaani bomba la kwanza linalopokea moshi ukitoka kwenye injini, inafika mamia ya nyuzi, na pale unapozima gari ndo pabaya zaidi kwa sababu feni imesimama, maji hayazunguki, upepo haupiti, joto lote linapanda juu kwenye boneti. Sponji inapunguza lile joto linalofika kwenye bati na rangi, na zile zenye ngozi ya alumini upande wa injini zinarudisha joto lilikotoka. Hapa niseme wazi, rangi ya boneti nyingi huku kwetu inauawa na jua la juu kuliko injini ya chini, kwa hiyo mtu akikuuzia sponji kwa maneno kwamba itaokoa rangi mwambie inasaidia, haitoshi.

Sasa kwa nini inabomoka. Sponji nyingi za gari za zamani ni poliurethani, familia moja na godoro lako, ila yake imetengenezwa iwe ngumu kushika moto. Joto la kila siku, hewa, mvuke wa oili na unyevu vinakata taratibu ile minyororo inayoishikilia, mpaka siku moja unaigusa na kidole inamomonyoka kama andazi la juzi. Ukikaa Tanga, Mombasa au Dar unyevu wenyewe unaujua. Gari maarufu kwa ugonjwa huu ni Mercedes za zamani, modeli zinazoitwa W123, W124 na W126, maana kwenye zile sponji imegandishwa na gundi moja kwa moja kwenye bati, haikushikwa na klipu. Ikichoka haianguki mzima mzima, inadondoka unga na vipande.

Mimi nimeona kwenye W124 250D ya marehemu mzee. Tulikuwa tunafagia vumbi jeusi juu ya injini kila wiki tukidhani ni masizi ya ekzosi. Siku feni ya ndani ilipoanza kuunguruma na hewa kutoka kidogo, fundi kafungua kule chini ya waipa kakuta kumejaa makombo ya sponji. Hapo ndo nikaelewa kwamba sponji iliyochoka ni mbaya kuliko kutokuwa na sponji. Makombo yanaingia kwenye mdomo wa kuvutia hewa na kuziba filta ya hewa kabla ya wakati wake, yanakaa juu ya manifodi ya moto yananuka, yanaziba vile vitundu vya kutolea maji ya mvua chini ya kioo cha mbele, na vitundu vikiziba maji yanatafuta njia ya kuingia miguuni kwa abiria, halafu unaanza kuhangaika na kapeti yenye ukungu hujui imetokea wapi. Kwa hiyo ikianza kumomonyoka usisubiri, itoe yote hata kama hela ya mpya bado hujapata.

Kosa ambalo naomba sana mtu asifanye, na nimelifanyiwa mimi mwenyewe: fundi kuchukua sponji ya godoro au ya viti vya sofa, kukata saizi na kubandika. Inapendeza siku ya kwanza. Lakini sponji ya godoro isiyowekewa dawa ya kuzuia moto ikishika cheche inawaka haraka sana, inayeyuka inadondoka matone ya moto, na moshi wake ni sumu. Unaweka kitu hicho juu ya injini yenye petroli na waya za miaka 30! Kapeti ya nyumbani nayo ni hivyo hivyo, inanyonya oili kama utambi. Niliitoa siku niliyojua, gari ikakaa bati tupu miezi kadhaa na sikujutia. Nunua iliyotengenezwa kwa ajili ya boneti na iliyoandikwa kwamba haishiki moto kirahisi. Kwa Mercedes hizo zipo zilizokatwa tayari kwa umbo lake, na ipo ya shiti unayokata mwenyewe, ambayo ni nafuu ila inataka mkono wenye subira.

Kama gari yako ni ya klipu, kama Toyota nyingi, kazi ni ndogo. Unaingiza bisibisi bapa pembeni ya klipu, unainua polepole, unatoa ya zamani unaweka mpya. Klipu za zamani zinavunjika, nunua mpya kabla hujaanza, basi.

Ya gundi ndo shughuli, na ugumu wake uko kwenye kukwangua, sio kwenye kubandika. Boneti za Benzi hizi zina uzuri mmoja, ukibonyeza kile kishikio pembeni ya hinji inasimama wima kabisa na unafanya kazi kama unapaka rangi ukutani. Funika injini yote kwa shuka la zamani au nailoni, ziba na mdomo wa hewa. Vaa maski na miwani, ule unga ukiingia machoni utalia. Vunja sponji kwa mkono kwanza, halafu kwangua na kikwangulio cha plastiki, chuma kinachuna rangi na pakichunika patashika kutu. Gundi iliyobaki ilainishe kwa mafuta ya taa kwenye kitambaa, acha dakika chache, kwangua tena. Petroli hapana kabisa, na fanya kazi injini ikiwa baridi, sehemu yenye hewa, pasiwe na mtu anavuta sigara karibu. Mimi ilinila karibu siku nzima. Mwisho futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kisafi, kwa sababu gundi haishiki kwenye mafuta, na kama kuna kutu itibu sasa hivi, hutapata nafasi nyingine ya kuiona.

Kabla ya kubandika jaribu saizi bila gundi. Angalia na unene, sponji nene sana inaweza kugusa feni au belti boneti ikifungwa. Mimi niliweka vidonge vya udongo wa watoto vilivyofungwa kwenye nailoni juu ya sehemu zilizoinuka za injini, injini imezimwa, nikafunga boneti taratibu nikafungua, unene wa udongo uliobaki ndo nafasi uliyonayo. Mpira wa maji ya waipa nao unapita huko juu kwenye gari nyingi, usiubane.

Gundi isiwe ile ya viatu, ikipata joto inalainika na sponji yote inakuja kukulalia kwenye injini. Tafuta ya kopo la kupulizia iliyoandikwa kwamba inavumilia joto kali, zaidi ya nyuzi 100. Fanya kivulini, pulizia bati na sponji vyote viwili, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo mpaka ukigusa inanata bila kubaki kidoleni. Muwe wawili, mmoja anashika upande wa juu. Anza kati, sukuma kuelekea pembeni, kwa sababu ikishagusana haikupi nafasi ya kurekebisha. Kingo ziingize kwenye mikunjo ya bati kwa kidole, pole pole, ndiko zinakoanzia kufunguka.

Acha boneti wazi mpaka kesho yake ikiwezekana. Siku mbili tatu za mwanzo utasikia harufu ya gundi injini ikichemka, ni kawaida. Baada ya wiki fungua upitishe mkono kwenye kingo zote, palipoachia ongeza gundi hapo hapo kabla pembe haijaning'inia.