Je, wajua kwa nini dawa ya mchwa inayochelewa kuua huilinda nyumba kuliko inayoua papo hapo?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa nzuri ya mchwa ni ile inayowaua mtu akiwa bado amesimama palepale na bomba la kupulizia mkononi. Nyumbani kwetu, kila vijia vya udongo vilipoonekana vikipanda ukutani kuelekea kwenye kenchi, tulivibomoa kwa panga, tukamwaga mafuta ya taa au oili chafu, kisha tukapuliza dawa, na mchwa waliolala chali sakafuni tukawachukulia kuwa ushahidi kwamba kazi imekwisha. Wiki chache baadaye vijia vilichomoza upande wa pili wa ukuta, nasi tukailaumu dawa kwamba imechakachuliwa. Sasa naelewa kwamba dawa ilifanya kazi yake sawasawa. Sisi ndio tuliokosea kwa kudhani kwamba adui ni mchwa mmojammoja anayeonekana.

Mchwa si jamaa wa siafu wala sisimizi, ingawa wanafanana nao kwa wingi na kwa bidii. Ndugu zao wa karibu ni mende. Wanaoonekana ukutani ni vibarua waliotumwa kutafuta chakula, na nyuma yao kuna kichuguu ambacho mara nyingi kiko mbali na nyumba kuliko mtu anavyodhani. Huko Kajiado nchini Kenya, mtafiti Johanna Darlington alifuatilia njia za chini ya ardhi za kichuguu kimoja cha mchwa wa jenasi ya Macrotermes, na katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1982 alikadiria kwamba zikiunganishwa zingefika takriban kilomita 6. Malkia wa mchwa wa aina hiyo hutaga maelfu ya mayai kila siku. Kibarua anayeuawa ukutani, kwa hiyo, ana wa kuziba nafasi yake tayari, na njia aliyopitia ni moja tu kati ya nyingi.

Dawa nyingi zinazoua haraka ni za kundi la pairethroidi, yaani kemikali zilizoundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, yale yale yanayolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Mchwa huihisi sumu hiyo ardhini kabla ya kuingia ndani yake, na wale wachache wanaokufa huwa onyo kwa waliobaki, ambao huziba sehemu hiyo kwa udongo na kugeukia kwingine. Ni sawa na kizuizi cha barabarani kinachoonekana kutoka mbali: mwenye bodaboda hasimami kubishana nacho, bali hukata kushoto na kupita uchochoroni. Kizuizi cha namna hiyo kinafaa pale tu kisipokuwa na uchochoro, kama inavyowezekana fundi anapopuliza dawa juu ya kifusi chote kabla ya kumwaga zege la jamvi. Katika nyumba iliyokwisha kujengwa, yenye mabomba yaliyopenya sakafuni na nyufa ndogo kwenye msingi, uchochoro haukosekani.

Kosa la pili tulilolishikilia, na ambalo bado nalisikia kwa watu ninaowaheshimu, ni kwamba ukimchimba malkia umemaliza yote. Kazi hiyo si ya bure, kwa kuwa kichuguu kisicho na malkia huweza kudhoofika na kufa, lakini dhana yenyewe ina mapengo makubwa. Aina nyingi za mchwa wanaokula nyumba, hasa wa jenasi ya Odontotermes, huweza kukaa chini kabisa bila kichuguu kuonekana juu ya ardhi. Baadhi ya vichuguu vina malkia zaidi ya mmoja. Tena kwa mchwa wa Macrotermes imeshuhudiwa kwamba, malkia akiondolewa wakati kichuguu kina kumbikumbi wachanga, baadhi yao huweza kukua na kushika nafasi yake. Anayemtoa malkia mmoja na kufukia shimo, basi, hana hakika kwamba ameimaliza nasaba yake.

Hapa ndipo ucheleweshaji unapokuwa silaha. Mchwa hulishana mdomo kwa mdomo na hulambana miili siku nzima. Chakula cha mmoja hupita kwa wenzake kama wali kwenye sinia unavyopita mikono yote iliyolizunguka. Ikiwa anayekula kwanza anaanguka papo hapo, wengine huondoa mikono. Ikiwa anaendelea kula na kuzungumza kama kawaida, sinia litamalizika kabla mtu hajashuku. Fipronili na imidaklopridi, dawa mbili zinazochelewa kuua ambazo hutiwa kwenye mtaro unaochimbwa kuzunguka msingi, hazihisiwi na mchwa, nao hupita ndani ya udongo huo wakiwa hawana habari na kuibeba sumu miilini mwao. Lakini uhamishaji huo una mpaka wake, maana aliyepata dozi kubwa hulegea na kufa karibu na mtaro kabla hajafika mbali. Madai ya baadhi ya wauzaji kwamba dawa ya majimaji iliyomwagwa kwenye msingi itaangamiza kichuguu kizima kilicho mbali yapokelewe kwa tahadhari. Uhakika wake mkubwa ni kuilinda nyumba.

Tatizo la dozi ndilo lililomshughulisha mtafiti Nan-Yao Su wa Chuo Kikuu cha Florida, na kutokana na kazi yake chambo chenye heksaflumuroni kikaingia sokoni Marekani katika miaka ya 1990. Sumu hii haigusi mishipa ya fahamu. Mdudu anayekua hana budi kujivua ngozi yake ngumu, kama mtoto anayeacha sare ya shule iliyombana na kuvaa mpya, na heksaflumuroni humzuia fundi cherehani aliyemo mwilini asiweze kushona sare hiyo mpya. Mdudu haumwi, haonyi wenzake, wala hafi mapema kwa sababu amekula zaidi. Saa ya kufa kwake ni siku ya kubadili sare, iwe ni kesho au baada ya wiki kadhaa, na hadi siku hiyo ameshawalisha wengi.

Ningependa kuishia hapo na kukipendekeza chambo kwa kila nyumba, lakini haki inadai niongeze jambo ambalo matangazo hulipita haraka. Majaribio mengi yaliyokijengea chambo sifa yalifanywa kwa mchwa wa Marekani na Asia ambao vibarua wao huendelea kujivua ngozi. Mchwa wetu wa Macrotermes na Odontotermes wana tabia nyingine: kibarua akishakomaa habadili ngozi tena, kwa hiyo sumu lazima iwafikie watoto waliomo ndani. Isitoshe, chakula wanachokibeba hupitia kwanza kwenye bustani za kuvu wanazozilima, zile zinazotuchipushia uyoga wa vichuguuni baada ya mvua. Njia ni ndefu zaidi na matokeo huchelewa, nao ushahidi uliokusanywa kwa mchwa wa jamii hii ni mchache.

Kwa anayejenga sasa, kinga ya kwanza ni udongo uliotiwa dawa chini ya jamvi lote na kuzunguka kila bomba, pamoja na mbao zilizotiwa dawa au zenye moyo mgumu kama mvule na mninga. Dawa za zamani zilizodumu ardhini kwa miongo, kama aldrini na dieldrini, ziliwekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 kwa sababu ya madhara yake, na hakuna nyumba inayostahili kulindwa kwa kuchafua kisima chake. Namba ya usajili wa dawa iulizwe kabla ya kununua: Tanzania usajili ni kazi ya TPHPA, yaani Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na Kenya ni ya PCPB, bodi inayosimamia dawa za kuua wadudu. Mwenye nyumba anayekuta chembe kavu kama mchanga chini ya fremu ya mlango, bila kijia chochote cha udongo, ana mchwa wa mbao kavu, ambao huishi ndani ya ubao wenyewe, na dawa ya ardhini haitawagusa.

Baada ya matibabu, vijia vya udongo visifagiliwe vyote siku ileile. Vunja kipande chenye urefu wa kidole katikati ya kimoja, weka alama ukutani, kisha rudi baada ya siku chache. Kikiwa kimezibwa kwa udongo mbichi, vibarua bado wanapita. Kisipozibwa, kagua kuta nyingine zote, kwa maana huenda wamehama tu.