Kiyoyozi Kisumu na Nakuru: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

"Gesi huisha, lazima iongezwe kila mwaka."
Dhana hii inawamaliza watu pesa bure. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama ya kupikia. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka nenda miaka rudi. Ikipungua ujue imevuja, mara nyingi kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba na mashine ya nje. Fundi akiongeza gesi bila kutafuta tundu, utamwita tena. Mwambie apake povu la sabuni kwenye kila nati. Mapovu yakifura, hapo ndipo. Akisharekebisha, avute hewa na unyevu kwa pampu kwa nusu saa au zaidi, kisha ajaze gesi kwa mizani, kwa uzani ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kama gesi ni ya aina ya R32, asiwashe moto wa kulehemu kabla gesi yote haijatolewa, maana inashika moto.

Barafu kwenye koili, yale mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita, nayo husingiziwa gesi kila mara. Filta iliyojaa vumbi huleta barafu ile ile, kwa kuwa hewa haipiti ya kutosha. Ioshe kila wiki mbili na uikaushe kivulini kabla hujamlipa fundi yeyote.

"Weka nyuzi 16 chumba kipoe haraka."
Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, isiyo ya inverta (ya kubadili mwendo) ina mwendo mmoja tu: inafanya kazi au imezimwa. Kwa 16 unaiambia isipumzike, na bili ya stima inapanda. Weka 24 au 25, ukisaidiwa na feni. Kisumu, hasa baada ya mvua, kero huwa ni unyevu kuliko joto lenyewe. Jaribu ile alama ya tone la maji kwenye rimoti, ya kupunguza unyevu.

"Mashine ya nje ifunikwe isinyeshewe."
Imeundwa kunyeshewa. Kinachoiumiza ni kujengewa kibanda cha mabati, ikawa inavuta hewa moto ile ile iliyoitema. Iachie sentimita 30 nyuma, na mbele pawe wazi angalau mita moja.

Karibu na ziwa, kama ufuo wa Dunga ulioko Kisumu, adui mwingine ni wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini kwa makundi. Hufuata taa, wakavutwa na feni na kugandamana kwenye mapezi ya alumini, vile vibati vyembamba vya koili, hadi koili inaziba. Usiweke taa ya usalama juu ya mashine. Kusafisha, zima swichi kuu, piga brashi laini kufuata mapezi, kisha mwagia maji taratibu. Mashine ya kuoshea magari huyakunja mapezi, na yakikunjwa hewa haipiti tena. Chumvi isikutie hofu kama Mombasa. Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi ya bahari.

"Radi ikianza, kuzima kwa rimoti kunatosha."
Hakutoshi hata kidogo. Ukizima kwa rimoti, bodi ya umeme inabaki na stima. Magharibi ya Kenya ina radi nyingi, kwa hiyo zima swichi ya ukutani wingu likianza kutanda, si baada ya ngurumo kufika juu ya paa. Kilinda volteji hukinga stima inapopanda na kushuka, lakini hakizuii radi. Stima ikirudi, subiri dakika 3 kabla ya kuwasha, presha ya pande mbili za kompresa ilingane. Ikianza kabla ya hapo inavuta mkondo mkubwa mno, na waya za mota zinaweza kuungua.

"Kiyoyozi hufanya kazi sawa popote."
Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari, na usiku wa Julai hewa ya nje ni baridi. Mashine nyingi za kawaida hazikuundwa kupoza nje kukiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Koili ya ndani huganda. Usiku kama huo, fungua dirisha.