Ng'ombe Kanona, Ini Bovu

"Ng'ombe aliyenona hana maradhi." Haya utayasikia Tanga kila Idd el-Hajj inapokaribia, mnunuzi akimpapasa mgongo dume lililoshushwa kutoka Handeni au Kilindi. Lakini ini lina akiba kubwa. Likiharibika upande, upande uliobaki hubeba kazi yote, na mnyama anaendelea kula na kunenepa. Mapafu ni vivyo hivyo. Akishachinjwa ndipo mkaguzi anapopasua ini na kisu kikakwaruza kama kimepita kwenye mchanga: mirija ya nyongo imekakamaa kwa chokaa, na ukiikamua inatoka minyoo bapa yenye urefu wa sentimita kadhaa. Ng'ombe ameipata kwenye majani ya mabondeni, penye konokono wa maji.

"Ukila ini lile, minyoo inahamia kwako." Likiiva, haihamii. Binadamu huipata kama ng'ombe anavyoipata, kwa kula mbichi majani yaliyoota majini. Mkaguzi analikataa kwa kuwa limeshaharibika, halifai kuliwa.

"Basi apewe mbwa, lisipotee bure." Hapa ndipo tunapoharibu kabisa, hasa kwa mbuzi na kondoo tunaowachinja uani. Vile vifuko vya maji vinavyokutwa kwenye mapafu au ini vina vichwa vya tegu mdogo sana. Mbwa akivila, tegu wanakomaa tumboni mwake, kila mmoja milimita chache tu, na mayai yanatoka na kinyesi. Yanabaki kwenye manyoya yake, kwenye udongo, kwenye mchicha. Mtu akiyameza, kifuko kama kile kinaota ndani yake taratibu kwa miaka, mara nyingi kwenye ini, na huenda akaishia kupasuliwa. Aliyekula nyama ya mbuzi yule hana neno. Anayeumwa ni jirani ambaye hata mnofu hakuuonja. Wala usiseme kwenu hamfugi mbwa, wa mtaani hawabishi hodi. Vifukie chini sana au vichome moto.

"Kakutwa na ini bovu, basi muuzaji tapeli." Huenda naye hakujua. Hata hadithi ya kasoro za mnyama wa udhhiya, wa kuchinjwa Idd el-Hajj, inamtaja mgonjwa ambaye ugonjwa wake uko wazi. Wa ndani anauona nani? Ila mwite afisa mifugo kabla maini hayajagawiwa, si baada ya supu.

"Muhuri wa kwenye nyama ni wa ushuru tu." Kabla ya kuupiga, mkaguzi amepapasa mapafu, amekata tezi akitafuta kifua kikuu, amechanja moyo na misuli ya taya akitafuta vifuko vya tegu wa ng'ombe. Huyu wa mwisho ndiye anayekuja moja kwa moja na nyama, na njia yake ni mishikaki ya haraka haraka, nje imeungua, ndani bado mbichi.